Aliambiwa miezi miwili, meno yakasema siku 34

Hiki kisa cha kilebu, yaani mtoto wa mbwa, aliyetolewa kwa mamake mapema mno kimenizunguka kichwani tangu mwaka jana, kila nikiona mtu anashuka kwa boda na kikapu kinacholia nakikumbuka, sa leo nimeamua nikiandike chote, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe, manake nilikosea.

Mnijue kwanza. Mi nauza kwa agrovet, duka la dawa za mifugo, hapa Malindi, si mbali na sokoni, nimesomea afya ya mifugo ngazi ya cheti basi, lakini wateja wote wananiita dakta na nimechoka kuwarekebisha. Kazi yangu kubwa ni kuku, mbuzi na ng'ombe. Mbwa wanakuja kwa kupitia tu, ila wanakuja wengi kuliko mtu anavyodhani. Mtu wa Lamu akifika hapa anashangaa, kwao ni paka na punda, huku kwetu kila nyumba yenye geti kubwa ina mbwa, na mbwa wa geti wanakutana na wale wa mtaani usiku, halafu vilebu wanasambaa mpaka Muyeye, Barani, Ganda, Gede huko kote.

Mteja wenyewe ni fundi wa pikipiki, kijana mwenye mke na watoto wawili, anakaa kwenye kiwanja cha nyumba nne wanachangia kisima kimoja. Kuku wake walikuwa wanaibwa. Akapata habari kuna mzee upande wa Gede mbwa wake amezaa vilebu saba, akapanda pikipiki Jumamosi, akampa mzee mia tano ya unga, akarudi na dume mmoja kwenye kikapu cha makuti amefunikwa leso. Mzee alimwambia ni wa miezi miwili. Watoto wakamwita Simba, kama mbwa nusu wa Pwani nzima.

Jumatatu kaja dukani. "Dakta, nipe dawa ya minyoo, tumbo limejaa kama la mjamzito." Kilebu alikuwa ndani ya jaketi lake, nikamweka kwenye mizani ya kaunta, kilo moja na kidogo, nikapima dawa ya maji kulingana na uzito, nikapokea pesa, mteja mwingine akaniuliza bei ya chanjo ya kuku, ikaisha hivo. Sikumfungua mdomo. Hilo ndo kosa langu la kwanza, manake kilo moja kwa mbwa wetu wa kienyeji wa miezi miwili ilitakiwa inishtue pale pale, lakini nilijiambia amekonda kwa minyoo tu, na minyoo kweli alikuwa nayo. Watu wengi hudhani kilebu anaokota minyoo kwa uchafu wa nyumba mpya, kumbe minyoo mikubwa ya mviringo anaanza kuipata tumboni mwa mamake kabla hajazaliwa, na mingine anainyonya kwa maziwa, ndo sababu dawa yafaa ianze akiwa na wiki mbili na irudiwe kila baada ya wiki mbili mpaka afike wiki nane hivi, na mama anywe pia. Mzee wa Gede hakuwa amempa yeyote chochote. Sikumlaumu, mwenye mbwa saba wa kulisha dawa ni ya mwisho kwenye hesabu.

Jumatano fundi karudi na macho mekundu. Mbwa analia kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri, majirani wamegonga ukuta, anahara maji, na mke wake keshasema ama mbwa ama yeye (alikuwa anatania, nadhani). Nikamuuliza anakula nini, akasema maziwa ya ng'ombe, tena fresh, anamnunulia nusu lita kila asubuhi. Hapo nilijua kuhara kunatoka wapi. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya ya ng'ombe, na sukari ya maziwa kidogo kuliko ya ng'ombe, sa kilebu ukimpa ya ng'ombe kwa wingi anapata kidogo cha kumjenga na kingi cha kumwendesha.

Sa ndo nikamfungua mdomo. Meno ya mbele yametoka, chonge zipo kama sindano za kushonea, lakini ya nyuma kwenye mashavu ndo kwanza yanatoboa fizi, mengine hata hayajafika. Kilebu wa wiki nane anatakiwa awe na meno yote 28 ya utotoni. Na macho yalikuwa bado na ule ubuluu wa maziwa. Nikamwambia kaka, huyu hana miezi miwili, huyu ni wiki ya tano ndo anaingia. Akakataa. Tukampigia mzee simu, tukaweka spika. Shikamoo, marahaba, habari za mbuzi, halafu nikamuuliza, baba, huyu mama alizaa lini? Mzee akafikiria, akasema tarehe hajui ila ilikuwa siku mbili baada ya Idi, anakumbuka kwa sababu jirani yake alimletea nyama na yeye alimpa mbwa mifupa akiwa ametoka kuzaa. Tukahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Siku 34. Maana yake siku alipotiwa kikapuni alikuwa na siku 30.

Mzee hakudanganya kwa ubaya, na hapa ndo naona watu wengi tunakosea tukisimulia visa kama hivi, tunamtafuta mwovu. Kwake "miezi miwili" ni neno la kusema mbwa anatembea na anakula sima. Mama alikuwa amekonda mbavu zinahesabika, vilebu saba wanamvuta, yeye mwenyewe analisha wajukuu. Kila anayekuja kuchukua mmoja anampunguzia sahani. Wiki nne za kwanza kilebu halishwi na mtu, analishwa na mamake. Gharama inaanza wiki ya nne mpaka ya nane, na ndo wiki hizo hizo ambazo mwenye mbwa anataka watoke na sisi tunataka wabaki. Ukiuliza "umri gani unafaa" bila kuuliza nani atalipa hizo wiki nne, unauliza nusu ya swali.

Na fundi naye alikuwa na sababu yake, ambayo nimeisikia pale kaunta mara nyingi mpaka naimaliza kabla mtu hajafika mwisho: ukimchukua mbwa mdogo kabisa, kabla hajamjua mamake vizuri, anakujua wewe peke yako, anakuwa mkali kwa wengine wote. Inaingia akilini. Ila tatizo ni kwamba kilebu wa wiki nne bado hajui mengi ya kuwa mbwa, na wewe huwezi kumfundisha.

Nieleze kidogo hapa. Macho ya kilebu yanafunguka siku ya 10 mpaka 14, masikio baadaye kidogo, na kuanzia wiki ya tatu ndo anaanza kuiona dunia. Watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walikaa na mbwa miaka mingi pale Bar Harbor jimbo la Maine, wakatoa matokeo yao mwaka 1965, na walichosema ni kwamba kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya 12 kuna mlango uko wazi, kilebu anazoea nani ni mwenzake, mbwa na binadamu pia. Mwanzo wa huo muda ni wa ndugu zake. Anamng'ata nduguye sikio, nduguye anapiga kelele na kuacha mchezo, siku nyingine anang'ata taratibu. Anamfuata mama anyonye, mama anasimama anaondoka, au anamkoromea, anajifunza kungoja. Hata kutoka nje ya pale wanapolala kwenda kukojoa anaanzia hapo hapo kwenye kundi. Ukimtoa siku ya 30 umemtoa shule siku ya kufungua.

Mwaka 2011 watafiti wa Italia (Malindi hapa Italia si nchi ya mbali, nusu ya sokoni inahesabu kwa Kitaliano) walilinganisha mbwa 70 waliotolewa kwa mama wakiwa na siku 30 hadi 40, na 70 waliotolewa wakiwa na miezi miwili, wakawauliza wenye mbwa tabia za mbwa hao wakishakuwa wakubwa. Wale wa mapema walionekana zaidi na kubweka kupita kiasi, uoga wakitembezwa, kuharibu vitu, kushtukia makelele. Ona, uoga! Sio ukali. Yule mkali anayemngoja fundi hakuwepo kwenye ile njia.

Haya, turudi Jumatano. Nilimwambia mrudishe leo kwa mamake, bado ananyonyesha, ndugu watano wapo, mzee kasema kwenye simu hana neno. Fundi akainamisha kichwa. Nitamrudishiaje mzee mbwa kama shati la mtumba lililobana, akasema, na watoto washampa jina. Nikamwelewa na nikanyamaza, na hilo ndo kosa la pili. Ilitakiwa nifunge duka saa moja nipande naye, mimi ndo niseme maneno, aibu ingekuwa yangu na si yake. Badala yake nikamfundisha kumlisha: uji mzito wa mahindi na samaki aliyechemshwa akatolewa miiba yote, au yai, mara nne kwa siku kidogo kidogo, maji safi, maziwa ya ng'ombe basi. Usiku amlaze karibu na mlango wa chumba na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa leso, kilebu wa umri ule joto la mwili bado linamsumbua kulishika na kusi ilikuwa inavuma.

Akaulizia pia dawa ya kuogeshea ng'ombe, alitaka kumtoa viroboto. Nikakataa kumuuzia. Hizo za kupe wa ng'ombe nyingine zinaua kilebu, na ile sindano ya mifugo watu wanayopenda kudunga kila mnyama kwa kukadiria nayo hivo hivo. Kichana cha chawa, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kisha umkaushe haraka kwa taulo. Inachosha lakini hafi mtu.

Ijumaa mtoto wake wa miaka minne akang'atwa kidole. Mchezo tu, kilebu alikuwa anavuta leso na kidole kikaingia, lakini zile chonge ni sindano kweli na damu ikatoka. Mke wake alinipigia simu kabla ya kumpigia mumewe. Nikamwambia mama, fungua mfereji au mtu amwagie, sabuni, maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa kuangalia saa, usifunge kitambaa, halafu hospitali sasa hivi. Akaniuliza, kwani kitoto kama hiki kinaweza kuwa na kichaa? Kinaweza. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida anapewa akifika miezi mitatu, mama yake hatujui kama aliwahi kuchanjwa, na mbwa wa usiku wamepita pale Gede hatujui wangapi. Mtoto akadungwa sindano ya kwanza siku hiyo hiyo, na wakaambiwa mbwa asiuawe wala asipelekwe popote, aangaliwe siku 10. Kama alikuwa na kichaa kwenye mate siku aliyouma, ndani ya hizo siku 10 dalili zitaonekana au atakufa.

Sa angalia kisa kilivyojifunga. Jumatano kumrudisha ilikuwa aibu tu. Ijumaa ikawa haiwezekani, manake lazima akae pale anapoonekana. Na siku 10 zikiisha atakuwa na wiki sita na nusu, maziwa ya mama yanakauka, ndugu wameshagawanywa.

Kulikuwa na mtu mwingine kwenye kiwanja ambaye sijamtaja, bibi mmoja Mswahili wa nyumba ya mwisho, mtu wa swala tano. Nilivyoenda kumtazama Simba siku ya pili ya uangalizi nilijua nitakuta ugomvi, mate ya mbwa na kisima cha wote, si jambo dogo, chombo akilamba chaoshwa mara saba na moja kwa udongo. Nikamsalimia shikamoo bibi, nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya mbwa asiyekuwa wangu. Bibi akanikata. Mbwa wa kulinda hana neno, akasema, dini imemruhusu, shida yangu ni huyu hajui kukaa, analamba kila anachokiona, kila mtu anayepita yeye kamrukia miguuni, mimi na udhu wangu nipite wapi? Halafu akasema kitu nimekirudia mara nyingi dukani: "Mtoto aliyekosa mama huwa mdomo wake hauna mpaka." Alikuwa anazungumzia kilebu, nadhani. Tukakubaliana ndoo za kisima ziwekwe juu ya jukwaa la mbao na Simba ajengewe wigo mdogo upande wa banda la kuku. Bibi ndo aliyechagua mahali.

Siku 10 zikapita, Simba mzima, analia kidogo kuliko mwanzo. Alipofika wiki ya saba daktari wa mifugo (wa kweli, si mimi) akamdunga chanjo ya kwanza ya parvo na wenzake. Parvo ni kirusi kilichoanza kuonekana duniani mwisho wa miaka ya 1970, kinaua vilebu kwa kuhara damu, na kinakaa kwenye udongo miezi. Kinga anayopewa na maziwa ya kwanza ya mama inapungua kati ya wiki ya 6 na ya 16, kila kilebu kwa wakati wake, na ikiwa bado ipo inaizuia chanjo kushika, ndo sababu sindano inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Wateja wanadhani ni njama ya kuuza dozi. Si njama.

Halafu nikafanya kitu ambacho sikukisomea. Nina jike nyumbani, mtu mzima wa miaka sita, chanjo zote, ua umefungwa na mbwa wa nje haingii. Nikamwambia fundi amlete Simba kila jioni nusu saa. Siku ya kwanza alimrukia jike langu akaning'inia kwenye shavu lake, jike likamkoromea na kumlaza chini kwa mguu, bila kumng'ata, Simba akapiga kelele utadhani anachinjwa na fundi akataka kuruka ukuta. Nikamshika mkono. Acha, anafundishwa. Dakika tano baadaye karudi tena, safari hii taratibu. Siku ya nane au ya tisa alikuwa anamshika sikio kwa mdomo kama mtu anavyoshika yai.

Hakupona yote. Nilimwona mara ya mwisho ana miezi mitano, mkono wa mtoto hamng'ati tena, lakini mabati yakipigwa na upepo anaingia chini ya benchi, akiachwa peke yake anatafuna viatu, na anabwekea kila kitu, ndoo, jogoo, hata mke wa fundi akivaa kofia ya pikipiki. Mbwa anayebwekea kila kitu hakuna anayeamka kumsikiliza. Kuku wawili walipotea tena mwezi ule ule.

Msinielewe vibaya nikadhaniwa nasema kadiri anavyochelewa ndo bora. Mmoja wa wale saba hakuchukuliwa na mtu, alifungwa nyuma ya jiko kwa mzee mpaka miezi mitatu na nusu bila kuguswa, na nilivyomwona alikuwa anajibana ukutani akisikia hatua. Kuna jaribio la mwaka 1961 Marekani, vilebu waliachwa kwenye uwanja wenye uzio bila kuguswa na binadamu mpaka wiki ya 14, wakatoka kama wanyama wa mwituni. Mi nikiulizwa sasa nasema wiki nane, tisa hata kumi sawa, na kabla ya hapo nenda ukamshike, ukae naye, watoto wamwone, umuache hapo hapo. Mama akifa au chuchu zikipata uvimbe, hiyo ni habari nyingine, lakini hata hapo usiwatenganishe ndugu.

Mbwa wa mzee alibeba mimba tena. Mdogo wake fundi anataka jike. Safari hii nilipanda nao mwenyewe mpaka Gede, tukakaa chini ya mwembe, tukamwambia mzee huyu atachagua wake wiki ya tano na atamchukua wiki ya nane, na kuanzia wiki ya nne ataleta unga kilo mbili na samaki wa mia kila Jumamosi, wa mama na wote, sio wa mmoja tu, dawa ya minyoo naileta mimi. Mzee akauliza mara mbili kama unga ni wa bure. Juzi kapiga simu alfajiri, mbwa kazaa watano usiku. Nikamuuliza ameandika tarehe. Akasema ameiandika kwa kaa kwenye ukuta wa jiko, kubwa, hata mvua ikipiga inaonekana.